Kufunga Kama Daftari

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumuuliza mtoto, "Umeelewa?" Ukimuuliza hivyo atakwambia ndiyo, hata kama ametoka kapa. Mimi hupita katikati ya madawati na rula yangu mkononi, nikachungulia madaftari, nikasikiliza. Asiyeelewa husugua viatu sakafuni. Wanafunzi wananiita Rula, na wanadhani sijui.

Sasa mtu aliyelala kitandani kwao, viatu vyake utavisikiaje?

Mtu mwenyewe alikuwa Chiriku. Jina hilo nilimpa mimi, maana tangu aingie darasani kwangu mdomo wake haujapata likizo. Aliteleza kwenye ngazi akavunjika mfupa wa paja, daktari akaamuru alale chali wiki kumi. Mwalimu mkuu akaniita ofisini.

"Mtihani ni baada ya wiki kumi na mbili," akasema. "Akifuata vipindi kwa mtandao, atafanya na wenzake. Akikosa, atarudia darasa." Kisha akanisukumia kishikwambi mezani, kile kisimu kipana kama ubao wa kukatia mboga.

Nilikaribia kumrudishia. Nina miaka hamsini na minane, na hata simu yangu mwenyewe huishika kwa vidole viwili kama kitu cha moto. Lakini nilimfikiria Chiriku wenzake wakiwa wamepanda wote, yeye amebaki kati ya watoto asiowajua. Nikakichukua.

Aliyenifundisha kukitumia ni mwalimu wa kompyuta, binti ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kugawanya. Subira aliyonionyesha ilizidi ile niliyomwonyesha yeye. "Mama, gusa tu, usikibonyeze kama kengele ya mlango," alikuwa akiniambia. Usilolijua ni kama usiku wa giza, nami nilipapasa. Siku ya kwanza nilimwonyesha Chiriku dari kipindi kizima. Siku ya pili niliandika ubao ukajaa, kumbe kamera inatazama mgongo wangu.

"Mwalimu, gauni lako nimeshalinakili lote," akasema Chiriku. "Sasa naomba hesabu." Darasa likaangua kicheko.

Lakini alifuata. Kishikwambi nilikiweka kwenye dawati lake, kikiegemea rundo la vitabu, na nikiita majina asubuhi alijibu "Nipo" kwa sauti kubwa kuliko waliokuwapo. Kengele ya mapumziko ikilia na watoto wakitoka mbio, nilikifunga kifuniko chake kama ninavyofunga daftari, nikakiacha hapo hapo.

Mimi hubaki darasani wakati wa mapumziko. Walimu wenzangu wanadhani najidai. Ukweli ni kwamba tangu nianze kazi, husimama mbele ya madawati matupu nikalifanyia mazoezi somo la kesho kwa sauti, nikikosea na kujigombeza. Hilo sijamwambia mtu.

Tatizo likawa chaji. Kila siku kabla ya saa sita kishikwambi kilikuwa kimezimika. Mwalimu wa kompyuta akakichunguza, akacheka mpaka akaketi.

"Mama, kufunga kifuniko si kukata simu. Hujakata hata siku moja. Kitufe chenyewe ndicho hiki chekundu."

Basi nikakijua kitufe chekundu, nikajiona mtu kati ya watu. Kengele ikilia tu, nakata. Wiki nzima chaji ilifika jioni, na niliwatambia wenzangu kwamba ng'ombe hazeeki maini.

Wiki hiyo hiyo Chiriku akaanza kunyamaza. Jumatatu alijibu "Nipo" kama mtu aliyeamshwa usingizini. Jumatano alizima kamera. Ijumaa nililiita jina lake mara tatu, dawati likakaa kimya, wenzake wakanitazama mimi.

Kipindi cha mwisho kilipoisha nilikwenda kwao, rula ingali kwapani. Mama yake ni mshonaji; cherehani iko chumba cha mbele, kitanda cha mtoto nyuma ya pazia.

"Karibu, Mwalimu. Mtoto hataki," akaniambia kwa sauti ya chini. "Anasema atarudia darasa tu, potelea mbali. Nimembembeleza, nimemgombeza, nimechoka." Vipande vya nyuzi vilikuwa vimemganda mpaka kwenye nyusi.

Nilikuwa na hotuba tayari. Niliipanga njia nzima, na ilianza na neno uvivu. Kisha nikamwona, kalala chali, mguu umening'inizwa, simu ya mama yake imefungwa kwenye mgongo wa kiti kwa utepe wa kupimia nguo. Alionekana mdogo kuliko anavyokuwa darasani. Niliketi ukingoni mwa kitanda na hotuba yote ikanitoka kichwani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Niambie, nimekukosea nini?"

"Siku hizi unanikatia," akasema.

"Nakukatia nini?"

"Mapumziko. Zamani ulikuwa unafunga tu, mimi nabaki. Nawasikia wenzangu wanaruka kamba nje ya dirisha, nahesabu nao. Halafu nakusikia wewe." Akavuta shuka hadi kidevuni. "Unayafundisha madawati. Ukikosea unasema, 'Wewe mama, hata hili?' Unaanza upya. Mimi nilidhani wewe hukosei kabisa. Na siku moja ukasema, 'Hapa patamshinda Chiriku wangu, ngoja nipatafutie njia nyingine.'"

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Siri ya miaka thelathini na moja, na aliyeishika ndiye msemaji kuliko wote shuleni.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu." Akageuza uso kwenye pazia. "Ukikata, hapa panabaki cherehani tu."

Nilimshika mkono, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mwanafunzi yeyote. Nikamwambia kweli yote: kwamba darasa bila mdomo wake ni zito, na kwamba asubuhi, kabla sijalifikia jina lake kwenye orodha, roho yangu huwa juu. Nikamwomba aje Jumatatu.

"Nitaona," akasema, kama mtu mzima mwenye shughuli nyingi.

Jumatatu nilifika mapema na waya mrefu wa chaji niliouazima kwa mwalimu wa kompyuta. Nikaita majina. Nilipomfikia yeye niliita mara moja. Nikaita tena.

"Nipo," likajibu dawati, taratibu. Kamera bado ilikuwa imezimwa.

Kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakatoka. Kidole changu kilienda chenyewe kwenye kitufe chekundu, nikakirudisha. Nilikifunga kifuniko kama daftari, nikalisogeza dawati karibu na dirisha la upande wanakorukia kamba, nikasimama mbele ya ubao. Somo la kesho lilikuwa marudio ya kugawanya sehemu. Safari hii nilijua nasikilizwa, nikaishika chaki kama siku yangu ya kwanza kazini.

"Tatu juu ya nne, gawanya kwa mbili juu ya tano," nikayaambia madawati, huku nikiandika. "Tunazidisha. Tatu mara mbili, sita. Nne mara tano, ishirini. Jibu ni sita juu ya ishirini."

"Mwalimu," ikaita sauti kutoka chini ya kifuniko. "Umesahau kuigeuza ya pili."

Nilitazama ubao. Kweli nilikuwa nimesahau, na sikukusudia hata kidogo. Nikaenda kukifungua kifuniko, nikamkuta ananitazama, kamera imewashwa, kalamu tayari mkononi.

"Wewe mama, hata hili?" nikasema, nikafuta ubao, nikaanza upya.