Kisiwa Kinatapika Saa Tisa

Langoni mwa hoteli, Mama Baiskeli alibonyeza tairi la mbele la baiskeli ya kukodi kwa kidole gumba, akabonyeza la nyuma, akasema baiskeli zote mbili ziko vizuri, ila hii ya kijani mnyororo wake una tabia ya kuchomoka kwenye mlima.

"Nipe mimi hiyo," akasema Bwana Afya. Ndivyo walivyomwita kazini, na mkewe naye alimwita hivyo hivyo, hasa akitaka kumchokoza. Miaka kumi na mmoja alikuwa anakagua majiko ya watu, vyoo vya watu na mitaro ya watu, na hii ndiyo likizo yake ya kwanza ya kueleweka.

"Zungukeni popote," Mama Baiskeli akasema huku akimshushia mke kiti, "ila saa tisa msiwe kule kwangu, nyuma ya mlima. Saa tisa kisiwa kinatapika."

"Kila siku?" mke akauliza.

"Jumapili kinachelewa kidogo. Wageni wanaamka wamechelewa."

Basi wakaondoka. Ramani ya hoteli ilionyesha njia nzuri ya ufukweni, na pale nyuma ya mlima walikuwa wamechora samaki anayecheka. Mchanga ulikuwa mweupe, maji yanaonyesha mpaka chini. Mke alikuwa mbele muda wote.

"Kanyaga, Bwana Afya! Na hilo tumbo, hiyo baiskeli naionea huruma."

Tatizo lilikuwa upepo. Kila ukigeuka ulileta harufu ya tambara la jikoni lililosahaulika kwenye ndoo wiki nzima. Bwana Afya akavuta pua.

"Mafuta ya kukaangia yaliyolala. Na choo."

"Uko likizo," mke akamkumbusha.

Kwenye mlima mnyororo ukachomoka, kama walivyoambiwa. Bwana Afya akahangaika nao mpaka mikono ikawa myeusi tii, akashindwa, wakaamua kusukuma baiskeli kwa njia ya mkato. Njia ikawatoa uani kwa Mama Baiskeli saa tisa kasoro dakika tano. Yeye alikuwa amekwisha kurudi, anafunika kisima kwa bati. Majirani walikuwa wameanua nguo na kuwapandisha watoto juu ya meza.

Ardhi ikanguruma kama tumbo la mtu aliyekula vibaya. Katikati ya ua udongo ukajikunja, ukafanya midomo, na kisiwa kikatapika. Lilianza povu la sabuni. Zikafuata ndala nyeupe za hoteli, nepi, mchuzi wa jana, vichwa vya samaki, na nywele za kwenye mabomba ya bafu zimesokotana nene kama kamba. Mwishoni ukatoka ute mrefu uliogoma kukatika. Kisiwa kikapiga kwikwi moja, midomo ikafunga.

"Lile yai langu," mke akasema.

Kweli lilikuwa lake la asubuhi, nusu, vitunguu vimetengwa pembeni kama alivyoviacha kwenye sahani. Bwana Afya naye akauona mswaki wake alioutupa juzi. Chai ikampanda hadi kooni, akaimeza tena.

Majirani wakaanza kuzoa kwa makoleo. Mama Baiskeli akaeleza bila kuacha kazi: hoteli ina shimo upande wa pili, inashindilia humo kila kitu, na choo humo humo. Kisiwa kinavumilia kinavyoweza. Kinachobaki tumboni kinavujia kisimani. Akawachotea maji kwenye kata. Juu yalikuwa na utando, yananuka kama mdomo wa mgonjwa.

"Kisima ni hiki kimoja tu upande huu. Mwanangu wa mwisho ana vidonda mwezi wa tano sasa, havikauki."

"Ofisi ya kisiwa inasemaje?" Bwana Afya akauliza.

"Haipokei malalamiko ya wenyeji. Inapokea ya wageni tu. Fomu iko chumbani kwenu, juu ya friji. Mgeni akiandika leo, kesho asubuhi wanakuja. Wote wananiahidi, wakishaoga wanasahau."

"Basi leo umempata mtu wako, dada," mke akasema. "Huyu keshafunga hoteli tatu."

Mama Baiskeli akaweka koleo chini. "Shemeji, mstari mmoja tu unatosha."

"Leo leo," akasema Bwana Afya.

Hotelini alioga mara mbili. Alikuwa ameshaandika "Shimo la taka" meneja alipoingia na mataulo, akaisoma fomu.

"Ah, mmepita kule," meneja akasema. "Ni kweli, kinatapika. Ila ukiandika hilo kesho wanatufunga, na boti yenu ni keshokutwa. Mtalala wapi? Nilikuwa nakuja kuwahamishia chumba cha juu, kile cha baharini. Andika kitu kingine. Fomu ikishaanzwa hairudi tupu."

Bwana Afya akafikiria miaka kumi na mmoja ya vyoo vya watu. Akakata maneno yale, akaandika: "Mnyororo wa baiskeli ya kukodi ulichomoka mlimani." Si uongo, akajiambia.

"Umeandika?" mke akauliza kutoka bafuni.

"Nimeandika."

Asubuhi, kabla ya chai, ofisi ikaja na lori. Wakapakia baiskeli zote za Mama Baiskeli pale langoni. Mke aliwaona kutoka kwenye kibaraza cha chumba kipya.

"Mbona wanabeba baiskeli?"

Bwana Afya alikuwa anapaka siagi kwenye mkate, anaifikisha hadi pembeni kabisa. Mke akaukazia macho ule mdomo unavyotafuna, kisha akasukuma sahani yake.

Siku ya kuondoka walikwenda kwenye boti kwa miguu, mabegi mkononi, kwa njia ya mkato. Mama Baiskeli akatoka kwenye kisima, akajifuta mikono, akamshika Bwana Afya mikono yote miwili.

"Shemeji, asante. Najua uliandika, ndiyo maana wamenikomoa. Wengine hata hawajaribu."

"Mwambie," mke akasema chini chini.

"Usijali," Bwana Afya akamwambia Mama Baiskeli.

Ardhi ikanguruma. Mama Baiskeli akamvuta pembeni kwa kiwiko, viatu vyake visichafuke.