Mkebe wa Kakao

Sajini Khisa alikuwa mtu wa kukagua. Kazi yake katika chuo cha polisi cha Kiganjo ilikuwa kukagua buti, vifungo na vitanda vya makurutu, mpaka shuka zenyewe zikaogopa kujikunja. Sasa alikuwa likizoni Malindi, amevaa kaptura, na bado kila asubuhi alitandika kitanda cha kukodi kana kwamba mkubwa wake yuko mlangoni.

Likizo yenyewe ilikuwa kwa ajili ya mkewe, Nasirumbi. Tangu wamzike mtoto wao Wekesa, mwaka uliopita, mama huyo alikuwa kama amefunga mdomo. Si kwamba alinuna. Chakula aliandaa, nguo alipiga pasi, akiulizwa alijibu. Lakini mazungumzo yao ya kitandani, na kile kicheko chake cha kusikika nyumba ya tatu, vilikwenda na mtoto. Hata kumwita mumewe "Baba Wekesa" aliacha. Khisa aliumia sana, na kwa kuwa hakujua pa kuyapeleka maumivu yake, aliyapeleka kazini. Makaburini, kando ya barabara pale Kiganjo, hakurudi hata mara moja. Akienda mjini Nyeri alizunguka njia ya chini ili asipaone.

Basi Chiku, mama wa Kiislamu mwenye duka la leso pale mjini, aliposema kwamba shangazi yake hukodisha chumba Malindi, Khisa aliidaka habari hiyo kwa mikono miwili. Wangepumzika baharini kidogo, kisha waunganishe safari mpaka nyumbani Bungoma, kwa mama yake Khisa. Alichotaka ni kimoja tu, mkewe aongee naye tena.

Na bahari ilimsaidia. Siku moja wimbi lilimvua ndara, naye akaikimbiza huku akiipigia amri za gwaride: "Simama! Nyuma geuka!" Ndara haikutii. Nasirumbi alicheka mpaka akakaa mchangani. Khisa alisimama majini, machozi yakimlengalenga, akajiambia kwamba mke wake amerudi.

Kesho yake Nasirumbi alikwenda sokoni na mwenye nyumba kununua samaki. Khisa akatandika, akafagia, kisha mkono ukamwasha, akaanza kupanga sanduku la mkewe. Chini kabisa, ndani ya leso mpya aliyopewa na Chiku, alikuta mkebe wa kakao uliofungwa kwa kitambaa cheupe. Akaufungua. Ndani mlikuwa na udongo mwekundu, mkavu, na vijani vilivyonyauka.

Damu ilimpanda kichwani. Leso ya Chiku, chumba cha shangazi wa Chiku, na sasa dawa! Kwao bara hadithi za uganga wa pwani alizisikia tangu utotoni, na siku hiyo akaziamini zote kwa mkupuo. Kwa hiyo kile kicheko kilitoka mkebeni? Angeweza kumngoja mkewe amuulize. Lakini aliogopa kwamba akiuliza tu, ule mdomo utafungwa tena, na safari hii usifunguke. Akashuka ufukweni, akaingia mpaka kiunoni, akaumwaga udongo wote. Kisha, kwa vile alikuwa Khisa, akausuuza mkebe, akaupangusa, akauanika dirishani.

Nasirumbi aliporudi, kikapu mkononi, kitu cha kwanza kuona kilikuwa huo mkebe.

"Iko wapi?"

"Nini?"

"Udongo. Ile ilikuwa ndani."

"Nimemwaga kwa bahari. Mimi sitaki hizi dawa za Chiku kwa nyumba yangu. Kama unataka kitu kutoka kwangu, si uniambie tu?"

Nasirumbi aliweka kikapu chini polepole. "Chiku alinipatia leso peke yake," alisema. Halafu akaongea, na maneno yalikuwa mengi kuliko yote ya mwaka ule.

"Hiyo udongo ni ya kaburi. Tingatinga ilikuja Kiganjo, wanapanua barabara. Walitangaza kanisani, lakini wewe kanisa uliacha. Nilipofika, upande wa watoto walikuwa wameshasawazisha. Nikamwomba yule dereva asimame kidogo, nikachota na mikono hapo msalaba ilikuwa. Mama yako alikuwa ameniambia, kama mtoto hakuletwa nyumbani, basi udongo yake iletwe, iwekwe karibu na babu yake. Hiyo tu ndio ilikuwa imebaki."

Khisa alishika kizingiti cha dirisha. "Tutarudi. Tutachota ingine."

"Tuchote wapi? Lori zinapita hapo. Ungekuwa unapita hiyo njia, ungeona."

Aligeukia bahari. Nje watu waliendelea kuogelea. Huko majini hapakuwa na wekundu wowote. Alitazama sana, hakuuona.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza mwishowe, na sauti yake haikuwa ya sajini tena.

"Ulikuwa hutaki kusikia jina yake. Nikasema nitangoja tufike Bungoma, mama akiwa hapo." Aliuchukua mkebe, akautazama ndani, akaufunika. "Nilitaka wewe ndio umwage huko, Baba Wekesa."

Jina hilo Khisa alikuwa amelingoja mwaka mzima. Sasa hakuweza kuitika.