Kurudishwa Kiti cha Kulia

Kiprotich alikuwa amefanya kazi ya ukapteni miaka sita, akirusha ndege za abiria hamsini kutoka uwanja wa Dulles, Marekani, wakati kampuni mbili kubwa za ndege zilipoungana. Kila moja ilikuwa na kampuni yake ndogo ya safari fupi, na hizo ndogo nazo zikaamriwa ziwe moja. Kwa marubani, hiyo ilimaanisha orodha moja ya ukongwe kazini. Orodha hiyo ndiyo huamua nani awe kapteni, nani ale Krismasi nyumbani, na nani aachishwe kazi kwanza.

Simiyu alikuwa rubani wa ile kampuni ndogo ya pili. Alipokuja Marekani kusomea urubani, alikaa kwa Kiprotich kule Herndon mwaka mzima bila kulipa kodi. Watoto walimwita anko. Sasa alikuwa kwenye kamati ya kutetea marubani wa upande wake.

Pande zote mbili zilipeleka kwa mwamuzi mapendekezo ya kuipanga orodha, na upande wa Simiyu ukashinda. Kiprotich na wenzake wote walibandikwa mkiani mwa orodha, hata wenye miaka kumi na mitano kazini. Simiyu, aliyeajiriwa juzi tu, akampita Kiprotich kwa nafasi mia tatu. Wiki sita baadaye barua ikaja: Kiprotich atarudi kuwa rubani msaidizi, anayekaa kiti cha kulia.

Mkewe, Jelagat, aliisoma akiwa amesimama, bado na sare ya kazi.

"Tulimpa kitanda," akasema. "Asikanyage hapa tena."

Mwezi wa tatu tangu barua ile, ratiba ikampanga na Simiyu, kwenda Columbus na kurudi. Simiyu alikuwa ameshakaa kiti cha kushoto, cha kapteni.

"Umeamkaje, kaka?"

"Tuanze ukaguzi," Kiprotich akajibu.

Safari nzima ya kwenda hawakusemezana ila maneno ya kazi. Kule Columbus, abiria walipokwisha shuka, Simiyu akafunga mlango wa chumba cha marubani.

"Sema basi. Unaniona msaliti."

"Nakuona mgeni aliyekula akashiba, kisha akafukuza wenye nyumba."

"Kampuni yenu ilikuwa inakufa! Sisi tulileta ndege na kazi. Nyinyi mlileta miaka."

"Miaka yangu niliifanyia kazi."

"Na kura yako? Kamati yenu ilitaka tupangwe kwa tarehe ya kuajiriwa. Ningeachishwa kazi mwezi uleule, na sasa mke wangu Bilha ana mimba ya miezi saba. Mlipiga kura. Wewe ulisema nini?"

Kiprotich alitazama nje, wapakiaji wakishusha mizigo. Kabla ya kupiga kura ile alilitafuta jina la Simiyu aone lingeangukia wapi. Aliliona mkiani kabisa, kwa wa kuachishwa kwanza.

"Nilisema ndiyo. Na leo ningesema tena."

"Haya. Tumejuana."

Waliporudi Dulles, Kiprotich alienda moja kwa moja ofisi ya ratiba, akamwambia karani, Audrey, asipangwe tena na Kapteni Simiyu. Audrey akaangalia kompyuta yake.

"Ombi hilo limeshaletwa," akasema. "Kapteni Simiyu mwenyewe aliliandika wiki jana. Lilichelewa tu kuingizwa."

Nyumbani Jelagat alimpakulia chakula, akamuuliza kama yule mtu alithubutu kusema chochote.

"Alijitetea," Kiprotich akasema.

"Aone haya! Wewe ungemfanyia hivyo?"

Kiprotich akavuta kiti, akanawa mikono, akala. Habari ya kura hakumwambia.