Kasi ya Misumari Mitamu

"Polepole? Hebu rudia. Umesema polepole?"

"Nimesema ule wimbo ni mtamu ukiimbwa polepole. Kibaya nini?"

"Toka kwenye kiti changu."

"Hujanimaliza!"

"Nimekumaliza. Toka."

"Betri, nusu ya kichwa bado ina nywele!"

"Hiyo nusu ndiyo inayopenda polepole. Kaa nayo."

Akazima mashine ya kunyolea, akaning'oa kitambaa shingoni kama anachuna ngozi. Nikasimama mbele ya kioo. Kushoto nilikuwa kijana safi, kulia nilikuwa kichaka.

Betri ni kinyozi, na ni rafiki yangu tangu tulipokuwa dawati moja na adhabu moja. Shule tuliiacha pamoja. Yeye aliacha Jumatatu, mimi Jumanne, kwa sababu Jumatatu nilikuwa sijapata habari. Yeye akaenda kunyoa kwa shangazi yake, mimi nikaenda kuziba pancha ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo hata tukinuniana lazima tuonane. Mimi nikiinua jeki namwona, yeye akifagia nywele ananiona.

Na kingine. Yeye ni Mwenyekiti wa mashabiki wa Misumari Mitamu, mimi Katibu.

Kama huwajui Misumari Mitamu si kosa lako, redioni hawapigwi. Ni bendi ya panki, ule muziki wa fujo. Gitaa, besi, ngoma, na dada mmoja anayeimba. Sisi mashabiki tunawapenda kuliko mama zao wanavyowapenda. Tuna mashati tuliyoyachana wenyewe, tuna pini kwenye kola, na tuna Dansi la Nyuki, alilolibuni Betri. Unatikisa mabega kama umevamiwa, unazunguka, unamgonga wa pembeni, unamwomba radhi, unamgonga tena. Ukilicheza sawasawa hupati hata nafasi ya kuhema, maana nyimbo za Misumari zinakwenda mbio kama mtu anayekimbia mvua.

Basi wiki ile mpiga ngoma wao alinipigia simu, pikipiki yake ina pancha. Mchana huyo jamaa ni mlinzi wa duka la vitanda, kwa hiyo tunamwita Mlinzi. Nikaenda na vifaa vyangu mpaka wanapofanyia mazoezi, chumba cha nyuma kwa mtu. Nikiwa nimechuchumaa nje na tairi mapajani, nikawasikia ndani wakipiga "Mkate." Huo ndio wimbo wetu mkuu. Huo ndio tunaoimba tukipigana vikumbo.

Walikuwa wanaupiga taratibu.

Na maneno yakasikika! Kwenye kaseti yetu hakuna aliyewahi kusikia chochote isipokuwa "Mkate! Mkate!" Betri ametufundisha kwamba ni wimbo wa hasira, wa watu wenye njaa, wa kupindua meza. Ameutolea hotuba, amesimama juu ya kreti la soda. Kumbe ni wimbo wa mtu aliyemtuma rafiki yake dukani kununua mkate, rafiki kachelewa, na huyu amekaa mezani anaimba "chai inapoa, uko wapi, njoo hata bila mkate." Basi. Hakuna meza inayopinduliwa. Meza ipo pale pale, na vikombe juu yake.

Walipofika pale pa "hata bila mkate" sijui nini kilinipata. Nikajikuta nimeshika tairi kama nimeshika mtoto.

Ndicho nilichomweleza Betri, ndipo akanitoa kwenye kiti.

Shangazi yake akatokea nyuma ya pazia na beseni la taulo. Aliponiona akaliweka chini.

"Wewe! Unamtoa mteja na nusu kichwa? Watu si watasema ndiyo kazi yangu?"

"Shangazi, anasema Misumari wanaimba polepole."

"Misumari ndio wale wanaopiga kelele kama sufuria zimeanguka?"

"Ndio hao."

"Basi hata zikianguka polepole ni sufuria tu. Mmalizie kichwa."

"Simmalizii."

"Na hiyo kaseti yenu inakimbia kwa sababu ya redio yangu," akasema Shangazi, huku anakunja taulo. "Tangu yule fundi atoe mota ya upande wa kaseti akatia ya feni. Si alisema mwenyewe itakimbia kidogo? Mimi sikujali, nasikiliza habari tu."

Mimi na Betri tukaitazama redio. Ipo juu ya rafu, karibu na spiriti na poda. Kaseti ya Misumari aliinunua Betri, ile moja tu. Sisi wengine zetu zilinakiliwa kutoka hapo. Aliiweka kaseti kwenye hiyo redio, akaweka kirekodi cha jirani mbele ya spika, akatuzalishia kaseti mtaa mzima. Kwa hiyo mtaa mzima umependa feni.

Betri akabadilika rangi.

"Shangazi, mambo ya muziki usiingilie."

"Mimi nimesema mota, sijasema muziki."

Betri akanishika mkono akanitoa mpaka mlangoni, akasema kwa sauti ya chini: "Sikiliza. Siku ile Mlinzi alikuwa amechoka, ndiyo maana walienda taratibu. Jumapili wanapiga kwa seremala, utaona mwenyewe. Lakini nikikuona umefurahia wimbo wa polepole mbele za watu, usinijue. Polepole si panki. Hiyo ni panki iliyooga ikapakwa mafuta."

"Betri, huu ni wimbo wa chai."

"Usinijue!"

Nikavuka barabara na kichwa changu. Bosi wangu wa pancha akanizunguka, akasema upande mmoja nina upepo, upande mwingine sina.

Mngeniuliza siku hizo nilikuwa nawaza nini, ningewajibu nilikuwa nawaza Betri tu. Wimbo ni wimbo. Lakini huyu ndiye mtu pekee ninayeweza kukaa naye bila kusema kitu na siku ikapita. Tena alikuwa ameanza kuninunia. Mimi nikiinua jeki, yeye anafagia akiwa amenipa mgongo. Mtu anafagia kinyumenyume ili asinione! Ukaidi wa namna hiyo unachosha kuutazama.

Halafu mambo yakaharibika zaidi. Dada wa famasi, shabiki mkubwa, akapita kwangu na baiskeli yake. Akanitazama kichwa kushoto, akanitazama kulia.

"Katibu, hiyo ndiyo sare ya Jumapili?"

Kabla sijafungua mdomo akawa ameshavuka barabara. Nikamwona anaingia kwa Betri, anakaa kwenye kiti, anaonyesha kidole upande wangu. Nikamwona Betri anakataa kwa mikono miwili. Nikamwona Shangazi anatokea na beseni. Dada wa famasi akatoka na nusu kichwa. Baada yake mchomelea mageti. Baada yake wale ndugu wawili wauza viatu, mmoja amenyolewa kushoto, mwenzake kulia, wakisimama pamoja wanatosha mtu mmoja. Betri aliwanyoa wote, ameuma meno, kila kichwa kinamkumbusha mimi.

Jumapili mchana tukajaa kwenye karakana ya seremala. Mashine zimezimwa, mbao zimeegemezwa ukutani, sakafu nzima maranda na vumbi la msumeno. Betri alikuwa mbele kabisa, shati limechanwa upya. Nikasimama nyuma yake.

"Betri."

"Naongea na nani?"

"Na mimi."

"Sisikii mtu."

Bendi wakatoka nyuma ya rundo la milango. Yule dada mwimbaji siku za kazi ni mwalimu wa chekechea, na hata akiwa na gitaa anatembea hivyo hivyo, kama ana watoto nyuma wameshikana mashati. Akasema "hamjambo," tukapiga mayowe. Wakaanza na "Mkate."

Taratibu.

Betri akapaza sauti, "Nyuki!" Na wenzangu wakaanza Dansi la Nyuki kwa kasi ya feni, juu ya wimbo unaotembea na kandambili. Ilikuwa balaa. Mabega yanakwenda huku, ngoma inakwenda kule. Mchomelea mageti akamgonga dada wa famasi, akamwomba radhi, akamgonga tena, akaomba tena, na ubeti wa kwanza ulikuwa bado haujaisha. Vumbi likapanda. Watu wakaanza kupiga chafya. Betri akaanza kupiga makofi kuwasukuma bendi, pa pa pa pa, na mashabiki wote wakamfuata.

Maskini Mlinzi. Ni mtu mpole, akipigiwa makofi anatii. Akaanza kuyafuata makofi. Mpiga besi akamfuata Mlinzi. Mwimbaji akabaki peke yake na chai yake inapoa. Mlinzi akaongeza, akaongeza, fimbo moja ikamponyoka ikaruka juu ya rundo la milango, na yeye mwenyewe akaenda chini na kiti chake.

"Kaeni chini!" akasema Mwalimu.

Tukakaa. Sijui kwa nini. Watu wazima, pini kwenye kola, tukakaa kwenye maranda na miguu tumeikunja. Mmoja wa wauza viatu akaweka kidole mdomoni.

"Nani amewafundisha kupiga makofi hivyo?"

Chafya moja. Betri akanyoosha mkono, taratibu, kama zamani alipovunja dirisha la ofisi.

"Simama. Kwa nini?"

"Ndivyo wimbo ulivyo, Mwalimu."

"Wimbo nimeutunga mimi."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini sivyo ulivyo."

Betri akatoa kaseti mfukoni, mojawapo ya zile alizotunakilia. Seremala ana redio yake kwenye dirisha, wakaitia. Na Misumari Mitamu wakajisikia kwa mara ya kwanza jinsi tunavyowasikia sisi. Sauti ya Mwalimu ikatoka nyembamba kama ya panya aliyeachiwa urithi. Gitaa linanguruma kama nzi kwenye kopo. Mlinzi, bado yuko chini, akauliza, "Huyo anayepiga ngoma ni nani? Anajua kweli!"

Mwalimu akashika tumbo. Alicheka mpaka akaegemea mbao, mbao zikateleza. Betri amesimama tu, shati limechanika, macho chini, na mimi nikatamani mtu azime ile redio.

"Haya," Mwalimu akasema, anafuta macho. "Hii ni nzuri. Ni wazimu, lakini nzuri. Tutajaribu kupiga yenu. Ila kwanza niwaulize. Anayetaka mbio anyooshe mkono."

Karakana nzima ikanyoosha. Mpaka Mlinzi.

"Anayetaka polepole?"

Nilimwona Betri anageuza shingo. Hakunitazama, alielekeza sikio tu. Ningeweza kukaa na mikono yangu mapajani, Jumatatu angenimalizia kichwa, mambo yakaisha. Lakini mimi kukaa kimya kunaniwasha. Mkono ukapanda wenyewe.

"Mmoja tu?" akasema Mwalimu.

"Mmoja," nikasema. "Na samahani, Mwenyekiti. Lakini ule wimbo ulinifanya nikukumbuke, na wewe ulikuwa ng'ambo ya barabara tu."

Watu wakacheka. Wacheke. Dada wa famasi hakucheka, alipenga kamasi, ingawa labda ni vumbi.

Mwalimu akasema mmoja naye ana haki yake. Wakaupiga wote, taratibu, kwa ajili yangu, wenzangu wamekaa chini kama wanangoja uji. Betri alisimama pembeni, mikono amekunja, uso wa mtu aliyepewa dawa. Walipofika "njoo hata bila mkate" nikatazama chini, nikaona kiatu chake kinagonga maranda. Kwa kasi ya wimbo.

"Mguu wako," nikamnong'oneza.

"Mguu gani?"

"Huo."

"Umekufa ganzi. Nauamsha."

"Unauamsha vizuri."

"Nyamaza, nasikiliza." Akajisahihisha. "Nasikiliza makosa."

Kisha wakaupiga kwa kasi yetu, mara moja tu, vibaya kabisa, na watu wakafurahi mpaka mlango mmoja wa mteja wa seremala ukavunjika.

Baadaye tukatoka nje, tunajipangusa vumbi. Betri akaja akasimama mbele yangu, kwa mara ya kwanza wiki ile uso kwa uso.

"Nimeamua," akasema. "Kuanzia leo kuna vyama viwili. Mimi Mwenyekiti wa Mbio. Wewe Mwenyekiti wa Polepole. Wanachama wako ni wewe."

"Na katibu wako nani?"

Akakuna shingo. "Sina. Ulikuwa wewe."

"Naweza kuwa katibu wa Mbio na mwenyekiti wa Polepole."

"Huwezi. Kwenye kikao utajipinga."

"Mimi najipinga kila siku, ndugu yangu. Nimezoea."

Akafikiri. Betri akifikiri midomo inasogea.

"Ilikuwa lazima useme mbele za watu?"

"Ulisema nikifurahi mbele za watu nisikujue. Sasa nimefurahi, na bado nakujua. Nifanyeje?"

"Wewe ni mjinga sana."

"Ndiyo."

"Yale ya ng'ambo ya barabara." Akatazama viatu vyake. "Mtu hasemi vitu kama vile kwenye panki."

"Yalinitoka."

"Yasikutoke tena." Akavuta pua. "Kikao cha pamoja kesho, kwa Shangazi, saa ya chakula. Chai ataipika yeye. Ajenda ni wewe kuniomba radhi, na mimi kukataa."

"Nije na nini?"

Alifungua mdomo, akaona anachotaka kusema ni maneno ya wimbo, akaufunga. Nikaona shavu lake linapigana na kicheko. Shavu likaanza kushindwa. Basi haraka haraka, kabla sijaona mwisho wake, akanipa mgongo akaondoka.