Nyota Moja kwa Wimbo wa Dorine

Pa, pa, pa. Nyuma ya ukuta wa mbao wa kibanda cha Gracien, mjini Uvira, kulisikika kofi la taratibu, kofi la mtu anayebembeleza mtoto mgongoni. Mwenyewe alikuwa amepiga magoti chini ya meza akifunga nyaya. Hakuona kitu isipokuwa vumbi na miguu ya kiti, lakini alijua nani anakuja.

"Hodi kwa fundi wa nyimbo!"

"Karibu, Mama Dorine."

Aliingia kiongozi wa kwaya, mjukuu wake Délice amelala mgongoni. Watu walikuwa bado wakimwita kwa jina la binti yake, ingawa Dorine alifariki mwaka uliopita, siku ileile aliyomzaa Délice. Jumamosi familia ingeondoa matanga, na mama alikuja kuchukua kitu kimoja tu: wimbo "Utuvushe Jioni". Dorine aliuimba mbele, peke yake, kwaya ikimwitikia. Hakukuwa na rekodi nyingine ya sauti yake.

"Uniwekee ku flash, papa. Tutaupiga na baffle, ile spika kubwa, huyu mutoto asikie mama yake. Hajamusikia hata siku moja."

"Sasa hivi, mama," Gracien akasema, na kifua kikamjaa.

Kifua kilikuwa na haki ya kujaa. Programu ya kucheza nyimbo za kwaya aliiandika yeye mwenyewe, bila mwalimu, umeme ukija na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Aliiita Sikiza. Wanakwaya waliupa kila wimbo nyota, kuanzia moja hadi tano. Kompyuta ile kuukuu ikijaa, Sikiza ilifuta yenyewe nyimbo zenye nyota chache ili mpya zipate nafasi. Haikuomba ruhusa. "Mashine yenye akili haiulizi-ulizi," alizoea kuwaambia watu.

Akaandika jina la wimbo. Hapana kitu. Akaandika jina la Dorine. Hapana kitu.

Frédéric, mpiga ngoma wa kwaya, aliyekuwa amekaa mlangoni akitafuna karanga, akaacha kutafuna.

Gracien alifungua mahali Sikiza inapotunza kura. Kila aliyepiga kura kwa "Utuvushe Jioni" aliupa nyota moja. Wote. Hata mama mwenyewe.

"Mama," akauliza, "nani aliwaambia muupe nyota moja?"

"Nani aniambie minye, kiongozi wao? Minye ndiye niliambia bana kwaya: huu ndio wa kwanza, tuupe moja. Libérate alitaka kuupa mbili, nikamugombeza mpaka akalia."

"Lakini moja ni mbaya."

"Mubaya namna gani? Weye hukusoma? Siku ya proklamasio, matokeo yakisomwa, mwalimu anaanza kuita nani? Anaita wa kwanza! Wa tano nani anamupigia makofi?" Akacheka, mabega yakitikisika na mtoto pamoja nayo. "Ule wa Evariste, wenye analia kama mbuzi amefungwa ku mvua, ndio tuliupa tano."

Wimbo wa Evariste ulikuwepo. Ulikaa juu kabisa ya orodha, ukimeremeta kwa nyota zake tano.

Gracien aliutazama, na akauona uwanja wa shule ya msingi mwisho wa mwaka: wazazi wamesimama juani, mwalimu ameshika karatasi, jina la wa kwanza linaitwa, vigelegele vinapasuka. Mwaka mmoja jina hilo lilikuwa lake. Mama yake alikimbia mbele ya watu wote akamfunga kitenge chake shingoni. Upande huu wote, kutoka Kamanyola hadi Makobola, hakuna mzazi asiyejua kwamba moja ndiyo heshima. Yeye pia alijua. Alipokaa mbele ya kompyuta, akajisahaulisha.

"Nilikuambia, kaka," Frédéric akasema polepole. "Andika maneno chini ya zile nyota. Ukanijibu nini?"

Gracien alikuwa amemjibu kwamba dunia nzima inajua maana ya nyota.

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Umejificha kidogo," Gracien akasema. "Unipe mpaka Ijumaa, mama. Nitautafuta."

Mama akatoka ameridhika, kofi lake likiendelea mgongoni mwa mtoto.

Gracien alitafuta kama mtu anayefukua udongo ulioangukia nyumba yake. Alichokonoa kompyuta kwa kila programu aliyoijua. Ilikuwa kazi bure, maana rekodi za mazoezi ya Pasaka zilikwisha kuandikwa juu ya mahali wimbo ulipokuwa. Kinasa sauti cha kwaya kilifutwa zamani. Na simu za wanakwaya? Hapo alitamani ardhi impasukie. Ni yeye aliyesimama mbele yao akasema, "Futeni, simu zenu zimejaa, kila kitu kiko kwangu." Wakafuta karibu wote, kwa utii, wakimshukuru.

Alibaki Evariste, yule wa nyota tano, aliyehamia Sange kulima mpunga. Huyo alikuwa mvivu wa kufuta. Gracien alipanda pikipiki hadi huko, akamkuta shambani, tope magotini.

"Uliutunza?"

"Niliutunza sana, ndugu yangu. Lakini ile simu nilibadilishana na muntu Kamanyola wakati wa mavuno. Yule muntu alisafisha kila kitu mbele yangu, akavuka mpaka." Evariste akafuta jasho. "Na wangu? Wangu uko?"

"Wako uko," Gracien akajibu, akageuka haraka asije akasema neno la kumtukana mtu asiye na kosa.

Aliporudi Uvira aliivunja Sikiza akaijenga upya. Hesabu ya nyota akaiondoa. Chini ya kila alama akaandika maneno: siutaki tena, si mbaya, ni mzuri, naupenda, naupenda kuliko zote. Kufuta sasa kungeomba ruhusa, na kungeuliza mara ya pili. Akamwita Libérate, akamkalisha mbele ya kioo cha kompyuta bila kumweleza lolote. Libérate alibonyeza kila kitu sawasawa.

"Ah! Sasa hata nyanya yangu wa Makobola anaweza," Frédéric akasema.

Gracien akaizima kompyuta. Alikuwa amejenga daraja imara mahali ambapo mtu alikwisha kuzama.

Ijumaa walikwenda wote wawili kwa Mama Dorine, mtaa wa Kasenga. Wanawake walikuwa wakitwanga sombe ya majani ya muhogo uani, viti vya plastiki vimepangwa, na baffle kubwa imesimama tayari chini ya turubai. Mama aliwapokea kwa mikono miwili.

"Umeuleta?"

"Haupo, mama. Mashine yangu iliufuta. Mlisema ni wa kwanza, yenyewe ikaelewa ni wa mwisho, kwa sababu minye sikuandika maana ya nyota. Nimetafuta kila pahali. Hautarudi."

Michi ilinyamaza mmoja mmoja. Mama alikaa kwenye kiti kilicho karibu, akamshusha Délice mgongoni, akamlaza mapajani.

"Kumbe ni minye nilimufuta," akasema. "Na hiki kidole."

"Hapana, mama. Ni minye."

Frédéric akajaribu. "Mama, wimbo unaujua. Kesho uuimbe mwenyewe, na minye ntapiga ngoma."

"Niimbe minye, huyu mutoto akue akisema ile ndiyo ilikuwa sauti ya mama yake? Minye siimbi." Hakupaza sauti. Machozi hayakumtoka, na hilo lilimuumiza Gracien kuliko kilio. "Siku moja ataniuliza, Gracien. Batoto banauliza. Atasema, nyanya, mama alikuwa anaimba namna gani? Minye sitakuwa na jibu. Nitamutuma kwako. Utakimbia?"

Gracien alipiga magoti udongoni, mbele ya wanawake wote. Délice alikuwa macho. Alimtazama kwa utulivu wa mtu asiyejua alichonyang'anywa.

"Délice," akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "sitakimbia. Siku utaniuliza, sitasema ni mashine. Nitakuambia kwa kinywa changu kwamba alikuwa wa kwanza, na ni minye nilimufuta."