Pikipiki Inaoga Kwanza

"Hiyo ndiyo ndoo ya mwisho, na unaimwagia chuma!"

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika shingo. Shingo ile haikugeuka tena. Akitaka kukutazama ilibidi ageuze mwili mzima, na asubuhi hiyo aliugeuza wote ili mkamwana wake aone vizuri jinsi alivyokasirika.

"Simwagi, mama. Nasuuza."

"Kumwaga na kusuuza si maji yaleyale? Bomba halijatoa hata tone tangu juzi. Mwenye mkokoteni wa maji kapandisha bei tena, eti hata punda wake kaomba nyongeza. Sisi tunajipangusa kwa kitambaa, mashine inaoga. Haya bwana, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni."

Spana alichota kwa kikombe, akamimina taratibu pale mabomba ya fremu yalipokutana, akafuatisha na kitambaa kikavu. Alikuwa mwanamke pekee mtaani aliyefungua injini, na jina hilo la Spana lilikuwa limemeza jina lake la kuzaliwa. Hata mumewe, aliyekuwa akilinda jumba la watu katika mji wa mbali, akipiga simu alianza na "Spana, mnaendeleaje?"

Kila chuma mjini pale kilikuwa kinaliwa. Chumvi ilikuwa hewani, unyevu ulikuwa hewani, na vitu hivyo viwili vikikutana hakuna msumari unaosalimika. Bati lilitoboka ukiligusa. Kitasa kipya kiligoma kabla hujakizoea. Pikipiki ilitoka dukani inameta kama bibi harusi. Msimu mmoja tu rangi imetoa vipele, msimu wa pili unakanyaga breki, breki inaondoka na kiatu. Mafundi wote walikuwa na dawa moja: grisi. Paka, ongeza, paka tena. Spana naye aliwahi kuiamini dawa hiyo. Pikipiki yake ya kwanza aliipaka grisi mpaka ikafanana na mtoto aliyeachwa ale uji peke yake. Grisi ikanasa kila punje ya chumvi na mchanga iliyopita, cheni ikajisaga yenyewe, ikakatika katikati ya lile tuta la kwenda mashamba ya chumvi, na mizigo juu. Alilia siku ile, na hakuona haya.

Hii ya pili aliiunda kwa kichwa chake. Injini ilitoka kwenye pikipiki iliyogongwa. Fremu aliirefusha nyuma kwa mabomba ya stenlesi, chuma kisichoshika kutu, ya kitanda cha hospitali kilichotupwa jalalani, akaichomelea mwenyewe, na huku na huku akaning'iniza sanduku la mbao lililofungwa kwa vigingi, bila msumari hata mmoja. Nyaya zote zilipita ndani ya mpira wa maji. Cheni aliichemsha kwenye nta ya mishumaa, akaipangusa mpaka ikawa kavu, akaifunika kwa dumu la njano la mafuta ya kula alilolipasua kwa msumeno. Watu walicheka wee mpaka wakachoka. Mama mkwe aliizunguka siku ya kwanza, akasema, "Ama kweli, umeniundia machela yenye injini." Sharti la pikipiki lilikuwa moja: kila ikipigwa na chumvi, ioge kwa maji matamu.

Na haikuundwa kwa ajili ya mashindano. Wanawake wa mtaa ule walikwangua chumvi kwenye mashamba ya ng'ambo ya tuta, na kutoka shambani hadi barabara ya lami walikuwa wakibeba kichwani. Hapo ndipo shingo ya mama mkwe ilipobaki. Asiyeweza kubeba alimuuzia dalali, mtu pekee aliyekuwa na gari la kuingia shambani, na kwa kuwa alikuwa peke yake, bei ilikuwa ni ile aliyoamka nayo. Sasa kiwanda cha ngozi, kinachotumia chumvi kuhifadhia ngozi mbichi, kilikuwa kimeahidi kutuma gari lake leo, lisimame lami mpaka alasiri, linunue moja kwa moja kwa wanawake wenyewe. Kilichobaki ni kuifikisha chumvi lami, na kwa vichwa isingewahi. Mawingu yalikuwa yameshuka tangu alfajiri, na mvua ikiikuta chumvi kwenye malundo, jasho la msimu mzima linarudi kuwa maji.

Lakini mlinzi wa geti la mashamba hakupitisha chombo kisicho na stika ya ukaguzi. Kwa hiyo ilikuwa lazima stika ipatikane leo.

"Mimi natangulia shambani kwa wenzangu," mama mkwe alisema, akichukua koleo. "Na wakikukatalia, usiniletee sura ya msiba. Nimezika vya kutosha."

Ofisi ya ukaguzi ilikuwa na feni iliyoshikwa na kutu, haizunguki, na chini yake mkaguzi akijipepea kwa jalada. Alitoka baada ya kuombwa sana. Aliizunguka pikipiki kama mtu aliyeletewa mbuzi mwenye miguu mitano.

"Hii ni nini?"

"Pikipiki, afande."

"Pikipiki naijua. Mbona ndefu hivi?"

"Ya mizigo. Breki zote mbili zinashika, taa zinawaka, honi hii hapa. Panda uijaribu."

Hakupanda. Alifunua dumu la njano, akapitisha kidole kwenye cheni, akakitazama kidole. Kilikuwa safi. Akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Haina grisi."

"Ina nta, afande. Grisi kwenye chumvi inaua cheni. Nimeshaona kwa macho yangu."

"Kwani wewe ndiye uliyeandika mwongozo?" Alijifuta kidole safi kwenye suruali. "Mwongozo unasema cheni ipakwe grisi. Nenda kapake. Na urefu huu uletewe barua ya mhandisi. Jumatatu ijayo."

"Jumatatu chumvi itakuwa imeyeyuka! Afande, kuna wanawake wananisubiri."

"Dada, mimi sinyeshi mvua," mkaguzi alisema, akarudi chini ya feni yake iliyokufa.

Spana aliendesha mpaka kwenye geti la mashamba huku machozi ya hasira yakimtoka, upepo ukiyakausha na kuacha chumvi juu ya chumvi. Alijua atakataliwa pale pia, lakini angekwenda wapi? Nyumbani akakae?

Mlinzi alikuwa mtu mpole mwenye kazi mbaya. "Shemeji, unajua ningependa," alisema. "Lakini bila stika nikikupitisha, kesho mimi ndiye nitakuwa nakwangua chumvi."

Nyuma ya pikipiki likaja lori la dalali, likitoa moshi na mlio wa bati bovu. Dereva alikuwa dalali mwenyewe. Lori lile lilikuwa na umri wa kuitwa babu. Kwenye sakafu yake ungeweza kuona barabara ikipita chini, na watoto walilikimbia wakiogopa litawadondokea. Lakini kwenye kioo cha mbele ilikuwapo stika ya mwaka huu, na kila mtu mtaani alijua halijawahi kukanyaga uwanja wa ukaguzi.

"Pole sana, dada Spana," dalali alisema, ametoa kiwiko dirishani. "Serikali ni serikali. Usijali, nitawachukulia mimi chumvi yao. Ila na mvua hii, bei nayo imelowa kidogo." Akacheka, geti likapandishwa, akapita.

Kutoka getini shamba lote lilionekana. Spana aliwaona wanawake wakiinuka kwenye malundo yao, wakitazama barabarani, wakaona lori, hawakuona pikipiki. Aliona mabega yakishuka. Mmoja baada ya mwingine wakaanza kujaza magunia na kuyarusha kwenye lori. Ni mmoja tu aliyebaki amekaa juu ya lundo lake, koleo mapajani, shingo imenyooka. Spana alimjua hata kwa umbali ule, na moyo ukamuuma kwa aibu isiyo yake.

Dalali alipakia kwa pupa. Alitaka chumvi yote kabla ya tone la kwanza, akapanga magunia mpaka juu ya kichwa cha lori. Likaanza kurudi, likapanda tuta likiguna, likafika katikati. Hapo ukasikika mlio mmoja mkubwa, na lori likakatika. Halikupinduka, halikupasuka tairi. Lilikatika kiunoni. Kichwa kikaelekea mbinguni, tumbo likalala chini, na kutu nyekundu ikamwagika kwenye tuta kama unga wa pilipili.

Shamba zima likaangua kicheko.

Dalali alitoka akitambaa, mzima wa afya, ameshika kofia. Kando ya lori palibaki njia nyembamba. Mtu angepita, pikipiki ingepita, gari lingine hata la mtoto lisingepita. Ngurumo ikasikika baharini.

Spana akawasha injini. "Shemeji, pandisha hilo geti."

"Stika, shemeji..." Sauti ya mlinzi ilikuwa inaomba msamaha.

Mama mkwe alikuwa tayari amefika kwenye lori. Alikuja mbiombio kwa miguu yake mibovu, akapanda juu ya bampa akishikwa na wenzake wawili, akaupitisha ukucha chini ya stika. Kwa unyevu ule gundi ilikuwa imeachia zamani. Ilibanduka bila ubishi. Dalali alipiga kelele, "We mama! Hiyo ni nyaraka!" Mama mkwe akampita kama unavyopitwa mgomba, akatembea mpaka getini, akailamba stika, akaibandika kwa kofi juu ya tangi la pikipiki.

"Haya," akamwambia mlinzi. "Ulikuwa unataka stika. Hiyo hapo. Ya mwaka huu."

Mlinzi aliitazama stika. Akamtazama bibi, akalitazama lori, akayatazama mawingu. Kisha akalipandisha geti, polepole, akageukia upande wa pili kama aliyeitwa na mtu.

Wakabeba. Magunia yalishushwa kutoka kwenye lori lililokatika, kila mwenye lake akalitambua, maana dalali alikuwa hajalipa hata senti, yakaingia kwenye masanduku ya mbao. Pikipiki ilipita kando ya lori, ikashuka tuta, ikafika lami, ikarudi. Cheni haikulia. Breki zilishika kwenye tope la chumvi. Wanawake walisukuma ilipozama, wakashangilia ilipotoka, na Spana alikuwa anacheka kwa sauti kama mwendawazimu. Dalali alimsimamisha safari moja, kofia kifuani.

"Dada yangu, nina magunia yangu machache pale, yale niliyoyalipia juzi. Nisaidie, tutaelewana."

"Panga foleni, kaka," Spana alisema. "Wewe ni wa mwisho."

Matone ya kwanza yalianguka wakati lundo la mwisho limebaki mzigo mmoja. Lundo hilo lilikuwa la mama mkwe. Alikuwa amewatanguliza wenzake wote. Magunia yalipofungwa, akalitwaa moja kwa mazoea, akataka kulipandisha kichwani.

"Lete hapa, mama. Na wewe panda."

"Mimi? Juu ya machela?"

"Panda bwana, mvua!"

Wenzake wakamnyanyua, wakamkalisha juu ya magunia yake. Maisha yake yote alikuwa amelipita tuta lile ameinamisha macho, akitazama vidole vyake vya miguu. Sasa alikuwa amekaa, mikono mitupu, anaiona bahari, anauona mji wote. Spana, aliyekuwa akimsikia mgongoni mpaka wakafika getini, alijua analia.

Mlinzi alikuwa amejifunika gunia la nailoni. "Mama, ile stika ina namba ya lori," alisema. "Mkaguzi akija kesho nitamwambia nini?"

Mama mkwe akageuza mwili mzima, juu ya magunia, ili amtazame vizuri.

"Mwambie lori alilolipitisha limelala pale kwenye tuta. Akalikague sasa, maana halikimbii." Akampiga Spana begani. "Twende, mwanangu. Wenye ngozi wanatusubiri."

Spana akatia gia, wakashuka kuelekea lami.