Likizo Ambayo Idarus Hakwenda

Tangu Kirimi, mwenzake wa zamani jeshini, amtumie ile picha kwa simu, Idarus hakukalika. Alipostaafu jeshi la wanamaji alikuja kuishi Mtangawanda, akawa anatengeneza injini za boti pale gatini, na watu walimsifu kwa kutulia kazini. Sasa alifungua injini moja akaiacha wazi, akashika ya pili, akatembea hadi mwisho wa gati, akasimama, akarudi. Mkewe, Kulthum, alimwambia atazimaliza kandambili bila kufika popote.

Picha yenyewe ilikuwa ya wanaume saba waliovaa suti, kila mmoja na nishani kifuani. Idarus aliwajua wote. Mwaka 2012 walikuwa pamoja katika chombo kimoja kilichopeleka wanajeshi pwani ya Somalia, na kwa siku tisa yeye ndiye aliyekuwa chini, kwenye mashine. Chini ya picha Kirimi alikuwa ameandika: "Wa nane yuko wapi?"

Wiki hiyo maafisa wanaoshughulikia wanajeshi wastaafu waliweka meza mjini Lamu kwa siku tatu. Siku ya pili Idarus alipanda boti ya asubuhi kwenda kuulizia nishani ya safari ile. Afisa kijana aliyejitambulisha kwa jina la Chelangat alimpokea, akachukua namba yake ya jeshi, akaitafuta kwenye kompyuta.

"Mzee, siku hizo zote tisa naona ulikuwa likizo," alisema. "Likizo ya msiba. Mama mzazi. Siku kumi na nne."

"Sikwenda."

"Lakini uliomba?"

"Niliomba, nikapewa. Fomu nikaitia mfukoni, sikuirudisha kwa karani aifute. Tukang'oa nanga nami nimo."

"Kwa hivyo karani aliandika alichokijua."

"Karani hana kosa."

Chelangat aliisoma barua ya Kirimi iliyothibitisha kwamba Idarus alikuwamo chomboni, akaiweka kando. "Hii ni nzuri, lakini peke yake haitoshi. Rekodi inasema ulikuwa nyumbani. Wa kuipinga ni mtu aliyekuwa nyumbani siku hizo, aape mbele ya wakili kwamba hukuwako. Uko na ndugu?"

"Nna dada. Yuko papa hapa, Langoni."

"Basi hiyo ni rahisi."

Idarus alishukuru, akatoka. Haikuwa rahisi hata kidogo. Siku mama yao alipofariki, Ruba alimpigia simu akilia, naye akamjibu kwamba wakubwa wamemnyima ruhusa. Ruba aliamini. Mjomba wao Amini hakuamini. Alisema mbele ya watu waliokuja matangani kwamba mtoto anayetaka kumzika mamake hapati wa kumzuia. Ruba akamtoa mjomba nyumbani, na tangu siku hiyo, miaka kumi na miwili sasa, hakumsalimia, ingawa baina ya milango yao ni vichochoro vitatu tu.

Idarus alipita mbele ya nyumba ya dadake mara ya kwanza, akaenda moja kwa moja hadi pwani. Akapita mara ya pili. Akanunua kahawa, akaacha nusu kikombe. Akaswali adhuhuri na hakujua amesoma sura gani. Mara ya tatu akabisha hodi kabla miguu haijamgeuza.

Ruba alikuwa ameketi kwenye mkeka akishona kofia ya vito, ile inayodariziwa kwa mkono. Alifurahi kumwona, akataka kumtilia chai. Idarus akakataa, akabaki amesimama karibu na dirisha, akamweleza habari ya nishani, na picha, na kompyuta. Alipofika kwenye likizo alisita.

"Wameandika ulipawa ruhusa?" Ruba aliuliza. "Waongo hawa! Walikunyima, na yeo waandika walikupa!"

"Hawakuninyima, dada."

Sindano ilisimama.

"Walinipa siku kumi na nne. Mimi ndiye sikuja."

Ruba hakupiga kelele. Aliikunja kofia, akaiweka juu ya goti, akaikunjua tena. "Mimi nimemlaani mkubwa wako," alisema. "Miaka yote hii. Kila nikiona mtu na magwanda namwombea shari yule mtu. Kumbe mtu hakuwako."

"Nisamehe."

"Ngoja kwanda. Hiyo nishani waitakia nini?"

Idarus alitembea hadi mlangoni na kurudi. "Kwa sababu nilikuwako kule. Hapa nyumbani sikuwako, nanyi mwajua. Na kule wameandika sikuwako. Siku tisa hizo, Ruba, ni kama sikuwa popote."

Dadake aliichomeka sindano kwenye kofia. "Nitaapa," alisema. "Kwamba hukuya ni kweli, na kweli siwezi kuifita ikawa siri. Lakini enda kwanda kwa mjomba Amini. Mwambie kwa mdomo wako kwamba alisema kweli. Mimi niko nyuma yako."

Walikwenda wote wawili. Mjomba Amini alikuwa barazani kwake, mguu mmoja juu ya kibao kwa sababu ya uvimbe. Alipomwona Ruba alijaribu kusimama, akashindwa. Idarus alisema aliyotumwa kusema, haraka, akitazama ukuta.

"Na kazi uliyokuwa ukiifanya kule," mjomba aliuliza, "hakukuwa na mtu mwingine wa kuishika?"

Idarus alikuwa ameliandaa jibu la swali hilo tangu alipotoka kwa Chelangat: fundi mwenzake alikuwa na homa. Na kweli alikuwa na homa. "Kulikuwa na mwingine," alisema. "Aliletwa asubuhi ile ile kushika nafasi yangu. Nikamrudisha."

"Kwa nini?"

"Nilimwahidi mama nitakuja Idi. Sikuja. Nikasema nitakuja mwezi wa pili wake, sikuja. Nikaona siwezi kuingia ndani nimkute ameshafunikwa. Kule nilikokwenda walikuwa wakipiga risasi, mjomba, nami niliona afadhali."

Mjomba alimgeukia Ruba, si Idarus. "Mimi nami sikuwa na haja ya kulisema lile siku ile. Maiti yuko ndani." Ruba aliinama akaushika mkono wake na kuubusu, na wote wawili walilia, huku Idarus akiwa hajui aweke wapi mikono yake.

Kesho yake asubuhi Ruba aliapa mbele ya wakili. Alitaka hati ya kiapo isomwe mara mbili kabla ya kutia sahihi. Chelangat aliipokea karatasi hiyo mezani kwake, akaifunga pamoja na barua ya Kirimi, akamwambia Idarus asubiri.

Alisubiri miezi saba. Alimpigia Chelangat simu kila Jumatatu hadi alipoombwa kwa adabu apige kila mwezi. Alilala vibaya, alipungua, alimgombeza mteja aliyeleta injini yenye mchanga. Kisha barua ikaja: rekodi imesahihishwa, likizo imefutwa, na nishani atakabidhiwa Mombasa. Alikwenda, akavishwa, akapigwa picha na Kirimi. Katika basi la kurudi aliivua, kwa kuwa ilimvuta shati.

Ijumaa aliipeleka nishani kwa Ruba aione. Mjomba Amini alikuwako, amekuja kula. Waliipitisha mkono kwa mkono juu ya sinia la wali, wakaisifu, wakairudisha kwenye kijisanduku chake. Idarus alitarajia kwamba hapo ndipo moyo ungetua. Haukutua.

"Ruba," alisema, "siku ile ilikuwaje? Sijapata kukuuliza."

Ruba aliosha mikono kwanza. "Alifariki alfajiri. Nilimuosha mimi na bi Ummu wa jirani. Watu walitaka azikwe adhuhuri. Nikawaomba wangoje, nikawambia huenda wakubwa wakarehemu, huenda yuko ndiani akielekea huku. Wakangoja."

"Hadi lini?"

"Hadi alasiri. Mjomba huyu ndiye aliyesimama pwani akitazama kila boti inayoingia."

Idarus alimtazama mjomba. Mzee alikuwa akichambua mwiba wa samaki, hakuinua uso.

"Endelea," Idarus alisema.

Ruba akaendelea, tangu mwanzo, bila kuacha kitu.